Tathmini ya NanoTherm: kimiminika cha sumaku kinachopasha joto uvimbe wa ubongo

NanoTherm, bidhaa iliyobuniwa na kampuni ya MagForce ya Berlin, ni kimiminika chenye chembe za oksidi ya chuma ambazo kiini chake kina upana wa takribani nanomita 12 tu. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2010 kwa uvimbe wa ubongo. Daktari huidunga moja kwa moja ndani ya uvimbe kupitia tundu dogo la fuvu, kisha mgonjwa huwekwa ndani ya mashine yenye uga wa sumaku unaogeuka-geuka kwa kilohezi 100, yaani mara laki moja kwa sekunde. Chembe zinapopinduliwa kwa kasi hiyo hutoa joto, na seli za saratani zikishafika nyuzi 43 hivi hulegea mbele ya mionzi. Matibabu ni vipindi sita vya saa moja, sambamba na tiba ya mionzi.

Wazo lenyewe nalipenda bila kusita, kwa kuwa joto linazaliwa mle mle ndani ya ugonjwa badala ya kupenyezwa kutoka nje.

Hata hivyo, mgonjwa analipa kwa njia ambazo hazionekani kirahisi. Meno yaliyozibwa au kuvikwa chuma lazima yashughulikiwe kwanza, kwa sababu chuma kilicho karibu na uga huo nacho hupata moto; mtu aliyekwisha kupasuliwa kichwa anarudi tena kwenye kiti cha daktari wa meno. Zito zaidi ni kwamba chembe hubaki pale zilipodungwa na kuharibu picha ya MRI (inayopigwa kwa sumaku), nayo ndiyo picha ambayo daktari wa ubongo huitegemea kuliko zote kujua kama uvimbe unarudi. Inabidi aridhike na CT, picha inayopigwa kwa eksirei. Kwangu mimi hiyo ni kasoro kubwa mno kwa ugonjwa wenye tabia ya kurudi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusu wagonjwa 59 wa glioblastoma (saratani kali ya ubongo) iliyorudi, na nusu yao waliishi angalau miezi 13.4 tangu iliporudi mara ya kwanza. Takwimu hiyo inatia moyo, ila hapakuwa na kundi la kulinganishia ndani ya utafiti huo, hivyo siwezi kuihesabu kuwa uthibitisho. MagForce iliomba ufilisi mwaka 2022.

Ningependa kuona chembe hizi zikichanganywa katika kiunzi cha seramiki kinachojaza pengo la mfupa uliokatwa kwa saratani, mahali ambapo kubaki kwake ndiyo kazi yenyewe: kupasha joto mabaki ya ugonjwa huku mfupa mpya ukiota juu yake.