Museo Galileo, Florence: Makumbusho Yanayotanguliza Vifaa

Historia ya sayansi mara nyingi husimuliwa kama orodha ya majina na miaka, nayo humchosha msikilizaji kabla hajafikia swali lililowakosesha wahusika usingizi. Makumbusho ya Museo Galileo, yaliyo kando ya mto Arno mjini Florence, Italia, yameliepuka kosa hilo kwa kutanguliza vifaa.

Kwangu, kilicho bora humo ni ubao mrefu wa mteremko uliofungwa kengele ndogo, ambao ulitengenezwa zaidi ya karne moja baada ya Galileo, mwanasayansi wa Italia, kufariki mwaka 1642 ili kufundishia kanuni yake ya vitu vinavyoanguka. Nafasi kati ya kengele huongezeka kuelekea chini kwa kufuata namba witiri, yaani 1, 3, 5, 7, na bado goroli linaloviringika huzigonga kwa vipindi vilivyo sawa. Hata asiyependa hesabu husikia mapigo yasiyobadilika huku akiona nafasi zikipanuka, akatambua kwamba mwendo unaongezeka kwa utaratibu maalumu. Galileo mwenyewe hakuwa na saa ya kutegemewa. Alipima muda kwa uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni, jambo linalostahili kuelezwa kwa kila anayesimama mbele ya ubao huo.

Ipo pia lenzi ya darubini aliyoionea miezi ya sayari ya Mshtarii Januari 1610, sasa ikiwa imevunjika, ndani ya fremu ya pembe za ndovu. Miezi hiyo aliipa jina la ukoo wa Medici uliotawala mji, na mwaka huohuo akapata wadhifa kwao. Siasa na sayansi zimekaa hapo pamoja bila kufichana. Kidole chake, kilichochukuliwa mwaka 1737 mabaki yake yalipohamishiwa kaburi jipya, ni kivutio kikubwa, ingawa hakifundishi lolote kuhusu mwendo wala nyota.

Mgeni asilipite haraka tufe kubwa la pete, yaani mfano wa mbingu, alilolijenga Antonio Santucci kati ya 1588 na 1593. Dunia imewekwa katikati yake, miongo kadhaa baada ya mwanaastronomia Copernicus kuchapisha, mwaka 1543, hoja yake kwamba Dunia hulizunguka Jua, na ufundi wake ni wa hali ya juu kiasi kwamba mtazamaji huacha kuwadharau waliokataa hoja hiyo, akaanza kuuliza ni ushahidi gani ungewashawishi.