Uzoefu wangu wa safari ya kubadilishana vijana: makofi mawili chini ya mjusi wa Tendaguru

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Nimesubiri miezi, hasira haijaisha, basi acha niandike hivyo hivyo.

Mimi ni mtoto wa Lindi. Kikundi chetu kiliingia kwenye mpango wa kubadilishana vijana na kikundi cha Ujerumani: kwanza wao waje kwetu, halafu sisi twende kwao. Jina la shirika silitaji. Habari za tiketi, bima na nani analipa nini mtazikuta kwenye tangazo lao, na kwa hayo walitimiza, sina neno. Nataka kusema habari ya asubuhi moja tu, Berlin.

Lakini nisipoanzia nyumbani hamtanielewa. Wenzetu walipokuja Lindi tuliambiwa ratiba tupange sisi. Tukakaa vikao, tukabishana, mwisho tukakubaliana tuwapeleke Tendaguru, kule kwetu Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria. Anayeijua njia ile anajua vumbi lake. Ukifika huoni jengo wala sanamu ya kupigia picha, ni kilima na miombo. Tuliketi chini ya mti na mzee mmoja wa kijijini, akasimulia, sisi tukitafsiri kwa zamu, wale vijana wa Kijerumani wakisikiliza mpaka jua likageuka. Hakuna aliyetazama saa. Mmoja wao, aliyekuwa amefikia nyumbani kwetu na kumwita mama yangu Mama, alilia. Na mimi nikasimulia ya kwetu: kwamba babu yangu alisikia kwa babu yake kuwa huyo babu yake alibeba "mawe ya Wajerumani" kichwani kutoka huko bara mpaka pwani, siku kadhaa kwa miguu, na hakuwahi kuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Sasa yale mawe nimeyaona. Yamesimama Berlin, kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili, kimo cha mita 13 na zaidi. Ukiingia ukumbini shingo inakuuma kwa kutazama juu. Huyu ndiye yule mjusi ambaye hata bungeni kwetu ameulizwa mara kadhaa. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kuliko siku yoyote ya safari. Wengine walikuwa wanasubiri theluji.

Katika kundi letu kulikuwa na kijana mmoja mpole, Kiingereza chake cha kuokoteza, lakini kichwa chake kinashika mambo. Alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima. Alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne mfukoni, mkunjo umeshaanza kuchanika. Akasogea mbele ya ile mifupa, akaifungua, akaanza. Akasema uchimbaji ulianza 1909 na kuendelea mpaka 1913, yaani vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha 1907 tu, watu wa kusini bado wanazika waliokufa kwa njaa. Akasema vibarua walikuwa mamia, na mizigo yote ilishushwa hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, zaidi ya tani 200. Akafika kwa Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, mtu aliyejua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Alitaka kusema kwamba mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Hakufika hapo.

Mratibu wa safari alipiga makofi. Mawili. Pa, pa. Kama unavyofukuza kuku kwenye mtama. Akasema tumekuja kutazama, hatukuja kutoa hotuba, na meza ya chakula imeshawekwa, tukichelewa tunaipoteza. Yule kijana alikunja karatasi yake polepole, mkunjo kwa mkunjo, akairudisha mfukoni. Hakusema kitu mpaka usiku.

Jumla tulikaa mbele ya ile mifupa labda dakika 40, pamoja na kwenda msalani. Watu wa makumbusho sina ugomvi nao hata kidogo. Mwongozaji wao mwenyewe alikuwa amesimama anasikiliza, na usoni alionekana anataka aendelee. Aliyekatisha ni mtu wetu wa safari.

Jioni kulikuwa na kikao cha kutoa maoni. Tulipewa vikaratasi vya duara vyenye nyuso, mwenye kucheka, mwenye kununa, ubandike ukutani. Mimi nikanyoosha mkono nikasema nina maneno, siyo uso. Nikaeleza kwa adabu, naapa kwa adabu, kwamba jambo la asubuhi limetuumiza na kwamba tunaomba turudi kwa muda wetu wa mapumziko. Mratibu akatabasamu. Akasema, "Kuna vijana wengi kwenu wangeshukuru sana kupata nafasi hii."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Nishukuru? Nimshukuru nani, kwa kupelekwa kuona mzigo wa babu zangu?

Kilichoniuma zaidi ni upande wetu wenyewe. Mwalimu aliyetuongoza kutoka Lindi, mtu ninayemheshimu, alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mwanangu, nyamaza. Ukisema sana, mwakani hatuchukuliwi." Nikamjibu, "Sawa Mwalimu," nikanyamaza. Simlaumu. Au namlaumu kidogo. Maana huo ndio ugonjwa wenyewe: mwenye fedha ndiye mwenye ratiba, na mwenye ratiba ndiye mwenye kupiga makofi. Kwetu walipokuja tulipanga sisi, kwao tulipokwenda walipanga wao bila kutuuliza swali hata moja. Kila siku vituo vinne vitano, basi, tembea, basi. Siku ya tatu nilikuwa sijui tena jengo lipi ni lipi. Huko si kubadilishana. Kubadilishana ni nipe nikupe, na mwenzako anapotoa chake unakipokea kwa mikono miwili.

Halafu watu wanasema vijana hawataki historia. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja mpaka Songea mwaka 2023, akasimama mbele ya familia za waliouawa akaomba msamaha. Mkuu wa nchi alipata muda wa kusikiliza. Sisi tulinyimwa dakika kumi kwa sababu ya viazi.

Mpaka hapa ningewapa nyota moja na kufunga. Na nilipoanza kuandika ndivyo nilivyokusudia.

Lakini itakuwa dhulma nisipomtaja mama aliyenipokea nyumbani kwake. Mama wa makamo, anaishi peke yake, Kiswahili hajui, Kiingereza chake na changu vinakutana katikati. Usiku ule aliniona sili. Mezani mkate mweusi na jibini, mimi natazama tu. Akaniuliza mara moja, nikamwaga yote. Hakunitetea wala hakumtetea mratibu. Aliinuka akachukua simu, akatazama saa za treni.

Siku yetu moja ya mapumziko, wengine walipokwenda madukani, sisi tulikwenda tena makumbusho: mimi, yeye, yule kijana wa karatasi, na yule Mjerumani aliyelia Tendaguru. Yule mama alilipa viingilio vyote mwenyewe. Tukasimama pale pale. Akamwambia yule kijana, "Tafadhali, anza tangu mwanzo." Akaanza tangu mwanzo, kwa Kiswahili safari hii, mimi natafsiri, na pale nilipokwama yule Mjerumani akanisaidia kwa maneno aliyojifunza jikoni kwa mama yangu. Mama wa watu alisikiliza akiwa amekumbatia mkoba wake kifuani. Wageni wawili watatu wakasogea. Alipotaja Boheti bin Amrani, yule mama aliomba alirudie jina, akalitamka mwenyewe mara tatu mpaka likakaa sawa.

Basi nyota nitoe ngapi? Shirika moja, yule mama tano, na hesabu hiyo haigawanyiki. Sitasema msiende. Nilitaka kusema hivyo, nimefuta mara mbili. Ninachosema, kabla hujajaza fomu yao uliza ratiba imeandikwa na nani, na kijana gani wa kwetu alikuwepo ikiandikwa. Uliza kuna siku ngapi zisizo na basi. Wakikujibu kwamba mambo yote yameshapangwa, jua kinachokusubiri.

Fomu ya mwaka huu iko mezani kwangu. Mdogo wangu ameshaandika jina lake kwa penseli, na chini yake, pale wanapouliza unataka kujifunza nini, ameandika "nataka kuwaeleza kuhusu Tendaguru". Nimemwambia akolezee kwa kalamu ya wino.