Kanisa la Fairfield, Romney Marsh: nenda kipindi cha maji, tena uvae buti

Nimekwenda mara tatu, na nitarudi. Kanisa la Mtakatifu Thomas Becket liko Fairfield, Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, kwenye bonde la majimaji liitwalo Romney Marsh, peke yake kabisa katikati ya malisho ya kondoo. Hakuna tiketi wala mlinzi. Ufunguo umetundikwa ukutani kwenye nyumba ya jirani: unauchukua, unafungua mwenyewe, ukimaliza unaurudisha pale pale. Kwangu mimi, imani hiyo peke yake inastahili nyota tano.

Januari ndiyo wakati wake. Mifereji imefurika na kanisa zima unaliona limepinduka majini, paa chini, msingi juu. Unafika mlangoni kwa tuta lililojengwa mwaka 1913. Kabla ya hapo, maji yakijaa, waumini walikuja kwa mashua au juu ya farasi. Mimi nimekulia Rufiji, kwenda ibadani kwa mtumbwi nakujua, basi nilisimama pale kwenye tuta muda mrefu nikiwawaza.

Kwa nje ni matofali ya karne ya 18. Ingia ndani ukutane na kiunzi cha mbao cha zamani zaidi, boriti nene zimekatiza juu ya kichwa. Mabenchi yamezungushiwa mbao nyeupe zenye ukingo mweusi, kila kizizi na kilango chake. Nilifungua kimoja, bawaba ikalia, nikakaa. Mbao zilinifika begani na ubaridi ukapungua papo hapo. Ndipo nilipoelewa kwa nini walivijenga hivyo. Mimbari ni ya ghorofa tatu, moja juu ya nyingine. Beseni la ubatizo lina pande saba, nilizihesabu mara mbili.

Msishangae kukosa kijiji. Sehemu kubwa ya bonde hili iko chini ya usawa wa bahari inapojaa. Ukuta wa Dymchurch, unaozuia bahari, na hii mifereji ndivyo vinavyolishikilia. Malaria iliwatesa watu hapa hadi karne ya 19. Ndiyo, malaria, Uingereza! Wenye mifugo wengi waliishi kwenye miinuko, kondoo wakawaachia wachungaji wa kulipwa.

Lawama yangu ni kwa ramani niliyouziwa dukani safari ya kwanza. Ilinipitisha shambani mpaka kwenye mfereji mpana usio na daraja, nikarudi nyuma karibu saa nzima, tope hadi kwenye vifundo. Ukishuka stesheni ya Appledore, kwenye reli ya Ashford kwenda Hastings, fuata barabara tu.

Bebeni chai na chakula, sikuona pa kununua. Mwenye mtoto mdogo amshike mkono tangu getini, maana maji yako pande zote na kingo zinateleza.