Niliuliza swali moja kwenye kiwanda cha wiski, nikachekwa

Wiki kadhaa zimepita na nikikumbuka damu bado inachemka, kwa hiyo wacha niandike. Kiwanda sitakitaja. Kiko Speyside, kaskazini mwa Uskoti, kwenye bonde ambalo kila ukikata kona unakutana na kiwanda kingine cha wiski, basi msijisumbue kubahatisha.

Tulikuwa tumefika mbele ya ile wanayoiita sefu. Ni kisanduku kirefu cha vioo na shaba ya manjano, kimepigwa kufuli, na pombe inayotoka kwenye mtambo wa pili inapita humo ndani ikionekana lakini haiguswi. Zamani funguo zilikuwa mikononi mwa afisa wa kodi, asije mtu akajikingia lake kabla serikali haijapata chake. Mimi nililipa, nikamwamsha mume wangu alfajiri pale Glasgow aendeshe gari mwendo wa karibu saa tatu, kwa sababu ya kisanduku hicho. Mengine yote ningeyasoma nyumbani.

Nyanya yangu alipika chang'aa kando ya mto huko magharibi mwa Kenya. Pipa motoni, bomba limezamishwa kwenye maji baridi, matone yanaingia chupani. Karo ya mama yangu ilitoka hapo, pamoja na usiku mwingi wa kuwakimbia askari. Kikombe cha kwanza nyanya alikimwaga chini kila siku, hata mteja awe amesimama na pesa mkononi. Kisha ananusa, anajidondoshea kidogo kiganjani, anasugua, ananusa tena, ndipo anaanza kukinga. Karibu na mwisho, harufu ikianza kugeuka, anaondoa chupa. Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya pua yake.

Basi nikamuuliza kijana aliyekuwa akituongoza: anayekata hapa, yaani anayetenga pombe ya mwanzo na ya mwisho na ile nzuri ya katikati, anajuaje wakati umefika? Ananusa, anapima kwa maji, au anaangalia saa?

Akawageukia wenzangu, watu kama kumi hivi, akasema, "Huyu mama anataka kwenda kufungua kiwanda chake!" Wakacheka. Nikamwambia nauliza kwa sababu nyanya yangu alikuwa mpishi. Akasema, "Lakini kwenu si mnakunywa tu inavyotoka?" Halafu akatazama saa yake, tusogee, kundi la nyuma linakuja.

Mnakunywa tu inavyotoka. Nyanya yangu!

Na jibu lilikuwepo, tena zuri. Ile ya kwanza kutoka, kali ya kuchoma pua, ukiichanganya na maji ndani ya sefu inaingia ukungu. Zamani mpishi alisubiri hadi mchanganyiko ukae mwangavu, akageuza mdomo wa bomba, akaanza kukinga moyo wenyewe, ile ya katikati. Baadaye nguvu zikishuka na harufu nzito zikianza kuja, anageuza tena. Kichwa na mkia, yaani ya mwanzo na ya mwisho, havimwagwi kama alivyofanya nyanya. Vinarudi mtamboni kupikwa upya na mzigo unaofuata. Siku hizi viwanda vingi vimeiachia kompyuta au saa kazi hiyo. Kunieleza haya kungemchukua dakika moja. Ukikata mapema au ukichelewa umetengeneza wiski nyingine kabisa, na mtu analipisha watu kuiona sehemu hiyo halafu hataki kuizungumzia!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hadi hapo nilikuwa na furaha tele. Kwenye mapipa makubwa ya kuchachia, alipofunua kifuniko, nilisikia harufu ya busaa, pombe ya nafaka ya kwetu. Busaa kabisa, harufu ya jikoni kwa nyanya! Kimea cha shayiri badala ya kimea cha wimbi, maji moto, hamira, siku mbili tatu, na unapata kitu cha nguvu kama asilimia 8. Hicho ndicho kinachopikwa mara mbili kwenye mitungi ya shaba, na shaba yenyewe inafanya kazi, inanyonya ile harufu ya kiberiti. Nilikuwa nimemshika mume wangu mkono nikimnong'oneza haya yote kama mtoto. Baada ya sefu nilinyamaza.

Halafu tukaingia ghalani, na hapa ndipo ninapoyumba. Ghala la mawe, sakafu ya udongo, giza, baridi yenye unyevu, mapipa ya mwaloni yamelala safu tatu. Mengi yametoka Marekani, kwa sababu sheria yao inataka bourbon, wiski ya kwao, ikae kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, kwa hiyo likishatumika linauzwa, na Waskoti wananunua. Mengine yalibeba sheri, mvinyo wa Uhispania. Pombe inaingia humo ikiwa nyeupe kama maji, na kisheria haiitwi wiski ya Uskoti mpaka itimize miaka 3. Kila mwaka asilimia 2 hivi inapotelea hewani kupitia mbao, wenyewe wanaiita fungu la malaika. Hewa nzima ya mle ndani ilikuwa fungu hilo. Ukivuta pumzi unasikia vanila, zabibu kavu, mbao zilizolowa.

Tukapewa glasi mbili, moja ya pombe changa, nyingine ya miaka 12. Changa ile ilinirudisha mtoni. Sisemi imefanana na ya nyanya, ila ni ndugu yake, naapa. Ya pili ilikuwa na kila kitu cha ya kwanza, lakini imepoa, imejaa, inakaa mdomoni muda mrefu. Machozi yalinitoka. Mume wangu yake hakuionja, Uskoti na usukani hawana mzaha. Alipewa chupa ndogo aende nazo nyumbani.

Nilitoka nikisema nimesamehe, nyota nne. Nikawaandikia wasimamizi kwa adabu, nikaeleza lile neno la kijana. Wakajibu kwamba wanasikitika sikufurahia ziara, na wakanipa punguzo dukani kwao. Nani alisema sikufurahia? Na nani aliomba punguzo? Nilisema nyanya yangu ametukanwa mbele ya watu, wao wananiuzia chupa!

Nyota mbili basi, na ghala halikustahili kushushwa namna hiyo, najua. Ukienda Speyside usikose kuingia kwenye ghala la sakafu ya udongo, popote utakapolipata. Na kwenye sefu uliza swali langu, kwa sauti, kila mtu asikie. Kama kuna kiwanda watakachokujibu, niambie ni kipi. Petroli ipo, nitaenda.