Matuta Yaliyoinuliwa au Bustani ya Ardhini kwa Makao ya Wazee?

Swali hili hurudi kila makao ya wazee yanapopanga bustani. Kwa gharama, bustani ya ardhini ina nafuu, kwa kuwa haihitaji mbao, matofali wala udongo wa kujazia. Kwa urahisi wa kufikiwa, tuta lililoinuliwa kwa sentimita 60 hadi 75 hushinda waziwazi: mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu hugusa udongo na kunusa mrehani bila kuinama, na mwenye maumivu ya mgongo huegemea ukingo wake anapopanda mbegu, nami naamini kwamba mkono ulioshika udongo humtuliza mtu kuliko jicho linalotazama tu. Hata hivyo, udongo wa tuta hilo hukauka upesi, na pasipo mtu wa kumwagilia mara kwa mara mimea hunyauka. Bustani ya ardhini hutunza unyevu na hubeba miti ya kivuli, hivyo humfaa mkazi mwenye shida ya kumbukumbu anayetulizwa na kutembea, mradi njia iwe tambarare, isiteleze, na imrudishe alikoanzia. Penye wakazi wengi wasiotembea, ningeanza na matuta. Penye wanaotembea na wahudumu wachache, ningeanza na ardhi.