SSD ya bei nafuu kwa gemu: nilipigwa mara moja, mara ya pili nikapima kwanza

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, mtumba wa ofisini kama zilivyo nyingi hapa Lubumbashi. Nimeiwekea GTX 1050 Ti, kadi ya picha; yangu haidai waya wake wa umeme. Gemu zilikwenda vizuri. Kilichokuwa kinaniua ni ile diski ya kuzunguka. Unafungua gemu, unatoka uani kuteka maji, unarudi, bado inapakia.

Kosa la kwanza la kutafuta SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) nililifanya mjini, kwa kijana mwenye meza ya flashi na chaja. "Yaya, kamata hii, iko mupya, terabaiti mbili!" Dola 30. SSD ya nje, ya USB, nyepesi kama kiberiti kitupu. Wepesi ule ungetosha kunishtua. Nyumbani ilijionyesha TB 2 kweli, gemu likanakilika bila kelele, kisha likagoma kufunguka. Nikamlaumu bure rafiki aliyenipa faili. Baadaye ndipo nikashusha H2testw, programu ndogo ya bure inayojaza diski data halafu kuisoma upya. Sikuiachia TB 2 nzima, ningezeeka nikiingoja. Niliipa GB 100. Zilizorudi salama zilikuwa 58 na ushee. Nyingine hewa.

Safari ya pili nilianza na mashine, si duka. OptiPlex hii haina tundu la M.2, lile dogo la kulaza SSD nyembamba kwenye ubao mama. Muuzaji, mzee wa makamo, alitaka nichukue NVMe (SSD ya kasi zaidi) pamoja na kadi ya kuichomeka kwenye PCIe (nafasi za kadi za ndani), eti inakimbia mara sita. Kwenye karatasi hakudanganya: SATA (SSD ya waya wa kawaida wa diski) inakomea karibu MB 550 kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 hufika 3,500. Ila BIOS (programu ya kuamsha mashine) ya kompyuta nyingi za umri huu haiwashi Windows kutoka NVMe bila kuichokonoa, na kwenye gemu nyingi tofauti hiyo huioni. Nikashika SATA ya inchi 2.5, GB 480. Aliitia dola 50, tukavutana hadi 38, nikamwomba tuipime palepale.

"Hauniamini?"

"Papa, nilisha kuungua."

Akacheka, akaichomeka. Tulijaza GB 30 mbele yake, tukakubaliana nikiona kasoro niirudishe ndani ya siku mbili. Nyumbani niliipima nzima. Umeme ukakatika katikati, nikaanza upya. Haikukosa hata baiti. Windows inasoma GB 447, na hapo hujaibiwa: kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Sasa Windows inawaka kwa sekunde 20 hivi. Zamani ilikuwa dakika mbili na zaidi. Mechi ya mpira inaanza kabla sijashika padi vizuri. Lakini anayetarajia fremu (picha kwa sekunde) ziongezeke asipoteze pesa yake hapa, hiyo ni kazi ya kadi ya picha. Mimi sikupata hata moja.

Udhaifu wake niliujua siku ya kunakili gemu la GB 70 kutoka SSD ya rafiki (kwa bei ya bando, nani anashusha hizo?). Ilianza na MB 400 kwa sekunde, ikajaza sehemu yake ya haraka, ikaporomoka hadi 90. Haina DRAM (kumbukumbu ya kasi ya ndani), na kwa bei ile sikutegemea iwe nayo. Jina lake silitaji kwa sababu viwanda hubadilisha chipu za ndani na kuacha jina lilelile. Utakayoipata wewe huenda siyo hii yangu. Tazama TBW (terabaiti inazoahidiwa kuandikiwa maishani) kwenye karatasi yake, uliza dhamana ni miaka mingapi, halafu pima.

Ile ya dola 30 niliipasua kwa bisibisi. Ndani: kadi ndogo ya simu, gundi, na nafasi tupu. Kadi hiyo sasa imo kwenye simu ya mdogo wangu, GB 64, na haijamsumbua hata siku moja.