Gumegume isiyokua gumegume: ukitaka bunduki ya jiwe ununue ipi

Huku Lamu ukimuita mtu gumegume umeshamaliza maneno. Mume gumegume ni yule yuko ndani, anakula, anakohoa, lakini faida yake huioni. Na bunduki ya jiwe nayo jina lake ni hilohilo, gumegume, ile ya kushindiliwa baruti mdomoni na kupigwa kwa cheche, kabla hazijakuja za fataki, yaani zile za kijikopo kidogo kinacholipuka kikigongwa. Sasa mimi nina gumegume yangu na siku nyingi inalia vizuri kuliko watu wanavotarajia, ila ya kwanza nlonunua ilikua gumegume kwa maana zote mbili, ndo mana naandika hivi.

Nlikaa Lancaster, Pennsylvania, miaka kadhaa, kazi ya ghala, usiku. Jirani yangu mzee mmoja akanipeleka kulenga shabaha jumamosi moja na hapo ndo nkashikwa. Kumbe nlikua nakaa penyewe, mana zile bunduki ndefu za Marekani zilianza kutengenezwa sehemu zile karne ya 18 na mafundi wa asili ya Ujerumani, walikuja na bunduki zao fupi nene za kuwindia wakazirefusha na kuzikondesha mpaka zikawa kitu chengine kabisa. Sahizi nisharudi nyumbani, Langoni, lakini vijana wetu walioko kule kila ikifika mwezi wa 12 voisi noti zinaanza, mana Pennsylvania kuna msimu wa kuwinda paa baada ya krismasi ambao ni wa bunduki za jiwe tu, fataki haziruhusiwi, na lazima mdomo wa mtutu uwe .44 kwenda juu, yaani upana wake kwa inchi. Wote wananiuliza swali moja: kaka, ninunue ipi?

Kabla ya yote, sheria. Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 1968 inazihesabu hizi kama za kale, hata iliyotengenezwa jana, kwa hivo unaagiza inakuja mpaka mlangoni, lakini majimbo mengine yana masharti yao, soma ya kwako. Uingereza usijidanganye, hata ya jiwe ukitaka kuipiga unahitaji cheti, na baruti nayo ina cheti chake. Na wewe ulioko hapa Amu, Shela, Malindi, sikiza: silaha bila cheti ni kesi kwa Sura ya 114 ya sheria za Kenya, baruti ina Sura ya 115, na mji huu ulioonja kafyu ukisikika umepiga mshindo nyuma ya nyumba hutopata nafasi ya kuelezea mambo ya hobi. Kwa hivo mwongozo huu ni wa walioko nje, ama mwenye leseni na klabu yake. Tuelewane hapo.

Haya. Kitu cha kununua ni mtambo, ule wa ubavuni unaopiga jiwe na kutoa cheche. Sio mbao, sio shaba iliyochongwa, sio urefu wa mtutu. Mtambo. Watu wanadhani jiwe ndo linatoa moto, hapana, jiwe linakwangua tu lile bamba la chuma linalosimama mbele yake, wenyewe wanaliita frizeni, na vijichembe vya chuma vinavyobanduka ndo vinavyowaka na kudondoka kwenye kisahani chenye baruti kidogo, kisahani kikiwaka moto unapenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu, ndani kunalipuka. Mambo yote hayo kwa mpigo mmoja. Frizeni ikiwa laini jiwe linaichimba mitaro na cheche hupati, ni kama tezo ambayo fundi hakuitia maji sawasawa, muulize fundi yeyote wa mashua Matondoni atakwambia ukali wa chuma uko kwenye kule kutiwa moto na maji. Springi ikiwa dhaifu, taya linaloshika jiwe linakuja kivivu, ukivuta traiga unasikia *chwaa*... halafu kimya... halafu *bwo*, na wewe ushatingishika ushakosa. Mtambo mzuri huwezi kuzitenganisha sauti mbili hizo, ni moja tu.

Ile yangu ya kwanza nliinunua kwa bei ya kutupa, siitaji jina, ilikua inameta kama sinia la harusi. Siku ya kwanza nlivuta mara 11, ikalia mara 3. Mara mbili kisahani kiliwaka puff usoni kwangu na mtutu ukanyamaza. Mzee jirani akachukua kipande cha tupa akagusa frizeni, tupa ikala chuma kama inakula sabuni. Akacheka akaniambia nimenunua mapambo ya ukutani.

Sasa orodha yangu, na ni yangu, wengine watapinga.

Namba moja kwangu ni kiti ya Kibler. Kiti maana yake unaletewa vipande uviunge mwenyewe, usiogope, hizi zinakatwa kwa mashine za kompyuta kule Ohio na vinaingiana mpaka unashangaa, kazi yako kubwa ni msasa, kupaka rangi mbao na kuunga polepole. Mbao ni ya mti wa mepo (maple), ngumu, ina mawimbi mazuri ukiipaka. Wana aina tatu zinazojulikana: ya Southern Mountain nyembamba ya risasi ndogo, ya Colonial nene ya zamani zaidi, na Woodsrunner iko kati, na mimi nampa kila mtu Woodsrunner ya .50. Bei inapita dola elfu moja, najua, lakini mtambo wake wa kwao wenyewe unamwaga cheche kama fundi wa kuchomea mageti. Nlipopeleka nyumbani picha ya ile nlounga mimi, ami yangu ambaye amechonga milango maisha yake yote aliangalia mbao kwanza, bunduki hakuiona, akauliza tu "hapo kwenye kona mbona umekula sana?" Na kweli nlikua nimekula sana, tupa ilinitoka. Kama una mikono ya haraka haraka nenda namba mbili.

Namba mbili ni Pedersoli, ya Italia, kampuni ya tangu 1957 iko Gardone Val Trompia, bonde ambalo watu wake wametengeneza bunduki karne na karne. Inakuja imekamilika, imepimwa kwa baruti kali kabla ya kuuzwa na ina mihuri ya upimaji kwenye mtutu. Tafuta ile wanaita Frontier kama hutaki madoido. Kasoro kwangu, haina roho ya ile ulounga mwenyewe, na mitutu yao mingine michirizi ya ndani, ile mifereji inayoizungusha risasi, inazunguka haraka, mzunguko mmoja kwa inchi 48, ambayo ni sawa tu lakini risasi ya duara ya kufungwa kitambaa inapenda mzunguko wa polepole, inchi 60 kwenda 70, hasa ukiongeza baruti. Kwa mwanzo hutoona tofauti. Usiwaache watu wakakukosesha usingizi kwa hili.

Namba mbili na nusu, na ningeiweka namba moja kama kila mtu angekua na mtu wa kumwangalizia: ya mkono wa pili iliyotengenezwa na fundi. Wazee wa mchezo huu wanazeeka, watoto wao hawataki, zinauzwa. Pale Friendship, Indiana, ndo nyumbani kwa chama cha taifa cha wapiga bunduki za kushindilia, kiko tangu 1933, na wana mashindano yao makubwa ambapo na wauzaji wanajaa, ukienda na mtu anayejua unaweza ondoka na kitu ambacho kipya kingekugharimu mara mbili. Lakini usiende peke yako. Bunduki ya mkono wa pili ni kama mashua ya mkono wa pili, rangi mpya inafunika mengi. Shusha mwanga mdogo ndani ya mtutu, angalia kutu, angalia lile tundu la ubavuni lisiwe limepanuka, halafu kabla hata ya hayo yote tia mdeki, ule ufito wa kushindilia, upime kwa nje umeingia mpaka wapi. Ukiishia kabla ya tundu, kuna kitu ndani. Bunduki nyingi za zamani zimekaa miaka na baruti tumboni.

Namba tatu, Traditions. Ofisi Connecticut, nyingi zinatengenezwa Uhispania, bei ni nusu ya hizo za juu ama chini zaidi. Vijana wengi wa msimu wa paa wanaanza hapa na sio makosa, ukipata ile ya Kentucky ama Deerhunter utapiga. Ila mitambo yake ni midogo, kwa hivo inataka utunzaji: jiwe kali kila wakati, limekaa sawa, kisahani kikavu. Mvivu asiinunue hii. Kwa mvivu bei rahisi ni ghali.

Namba nne ni misketi kama Brown Bess, ile ya jeshi la Uingereza, mdomo wa .75, ndani haina michirizi. Ukiwa mtu wa historia nakuelewa, ukiisimamisha mbele ya ngome yetu, iliyomalizwa 1821 baada ya vita vya Shela, ingekaa kama iko kwao. Lakini kwa shabaha? Haina michirizi, mita 50 ushaanza kuomba dua. Na inakula baruti.

Halafu kuna za India zinazouzwa na wengine bila tundu kutobolewa, ndo wapitishe kama sanamu, mnunuzi atoboe mwenyewe. Nyingi hazijapimwa kwa baruti. Ukutani sawa. Begani kwangu haitokaa. Na gobore la babu lililoko juu ya dari, lile usiliguse hata kwa video ya TikTok, waite wanaohusika waje walichukue.

Ukishachagua, weka pesa pembeni ya vitu vidogo mana ndo vinavyosahaulika. Mawe: nunua 6 kwa mpigo, meusi ya Uingereza ama yale ya Ufaransa ya rangi ya asali, moja laweza kukupa mipigo 30 na jengine likafa kwa 10, ndo maumbile ya jiwe. Lifunge kwa ngozi laini ndani ya taya, ukingo wake wote uguse frizeni kwa pamoja, likigusa kona moja tu cheche zinapungua nusu. Baruti iwe nyeusi ya kweli, zile mbadala za kisasa zinataka moto mkali kuwaka na kisahani hakiutoi, watu wananunua kwa sababu ziko rafuni halafu wanalaumu bunduki. FFFg, yaani ile ya chembe ndogo, inatosha mtutu na kisahani kwa anayeanza, huhitaji makopo mawili. Kwa .50 utahitaji risasi za .490 na vitambaa vya pamba, na wengi wa shabaha wanaanza na baruti greni 50 hivi, greni ndo kipimo chake, lakini kitabu cha mtengenezaji ndo mkubwa wako, sio mimi.

Na kipimo. Baruti unaimwaga kwenye kipimo kwanza, kipimo ndo kimwage mtutuni, usiwahi kumimina moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuwekea baruti mana kaa moja ndogo iliyobaki ndani itaifanya pembe yote iwe bomu mkononi mwako. Ikikataa kulia, ishike hivohivo imeelekea shabahani dakika nzima. Miwani lazima. Kisahani usikijaze, theluthi inatosha, ukijaza moto unasubiri kuungua kama utambi na ile *chwaa* inarudi.

Mafuta ya kupaka kile kitambaa cha kufungia risasi nayo, nliona niwe mjanja nkatumia ya nazi, ya kwetu, mama alinitumia chupa mbili. Kiangazi yalikua mazuri ajabu, baruti haikugandia. Disemba nkiwa msituni yakawa jiwe kwenye kopo, nayakwangua na kisu mkono unatetemeka, paa anapita mbele yangu taratibu kama anakwenda sokoni. Mafuta ya kondoo yakichanganywa na nta ya nyuki yanakaa vizuri zaidi. Ya injini ama ya petroli usitie, yanageuka lami.

Kuosha ni siku ileile, sio kesho. Masizi ya baruti yanavuta unyevu, mtu aliyekulia pwani asihitaji kuelezwa kutu. Maji ya moto na sabuni kidogo, ziba tundu na kijiti, jaza, tikisa, mwaga, maji yatatoka meusi kama ya kuoshea sufuria ya pilau iliyoungua, rudia mpaka yawe meupe, kausha, paka mafuta. Yangu nlimwachia mtoto wa khalati yangu palepale Lancaster, na makubaliano yetu ni akimaliza kupiga anipigie simu ya video akiwa anaosha. Wiki iliyopita alinionesha kitambaa akasema kaka tayari. Nkamwambia kisogeze karibu na taa. Kilikua na kijivu kwenye kona. "Rudia." Kulikua saa tano usiku hapa, akarudia mara tatu, nami nipo namuangalia.